Amana ya Namba

Masuala ninayoletewa na watu aghalabu ni yale yale: mirathi iliyocheleweshwa, mahari iliyobishaniwa, deni lisilo na maandishi. Mwaka jana lilinijia suala lenye sura nyingine. Mpwa wangu, kijana wa miaka 16 anayeishi na wazazi wake katika jimbo la Minnesota, Marekani, aliniandikia kwa simu maneno haya: "Assalaamu alaykum, mjomba. Chombo kinasema roketi yetu imefika mita 250. Mimi naamini imefika 241. Fomu inataka tuandike namba moja kisha tutie saini. Tuandike ipi?"

Sikumjibu siku ile. Chuoni tulifundishwa kwamba hukumu ya kitu ni tawi la kukifahamu kitu chenyewe, na mimi roketi nilizijua kwa jina tu. Nikamwomba anisomeshe. Kwa muda wa wiki mbili, kila baada ya Isha, mjomba akawa mwanafunzi na mpwa akawa mwalimu. Niliyojifunza nayaleta kwenu enyi wazazi, kwani ndani yake mna jambo linalohusu kila nyumba yenye mtoto anayesoma.

Roketi za mfano ni vyombo vidogo vilivyoundwa kwa bomba la karatasi ngumu, mapezi ya mbao nyepesi na kichwa cha plastiki. Mchezo huu ulianzia Marekani. Mwaka 1954, mwenye duka la viatu katika mji wa Norfolk, jimbo la Nebraska, jina lake Orville Carlisle, alitengeneza pamoja na ndugu yake Robert roketi ndogo yenye injini inayobadilishwa baada ya kila safari. Miaka mitatu baadaye G. Harry Stine, aliyekuwa akifanya kazi katika uwanja wa majaribio ya roketi wa White Sands, aliandika kuhusu vijana waliokuwa wakijijeruhi kwa kushindilia kemikali ndani ya mabomba. Carlisle akampelekea roketi zake, na kutokana na mawasiliano hayo yakazaliwa mapatano ambayo hadi leo ndiyo msingi wa mchezo: mtoto haundi injini. Injini hutoka kiwandani ikiwa imepimwa na kupewa herufi, na kila herufi ina kikomo cha nguvu kilicho maradufu ya herufi iliyotangulia. Kazi ya mtoto ni kuunda chombo, kukirusha, na kujua kimefanya nini.

Hapo kwenye "kujua" ndipo penye uzito. Safari yenyewe ni fupi. Injini huwaka kwa sekunde moja au mbili, roketi hupaa kwa kasi iliyobaki, kisha hupoa njia kama jiwe lililorushwa juu. Ikifika kileleni, baruti kidogo hulipuka ndani, kichwa kikachomoka, na parachuti likafunguka. Anayetazama kutoka chini huona mstari wa moshi na kitone kinachopotelea mawinguni. Ukiwauliza watazamaji kumi imefika wapi, utapata majibu kumi. Mabaharia wetu hawakukisia kina cha maji kwa kuyatazama, waliteremsha bildi. Roketi nayo yataka bildi yake, ila hii hupandishwa badala ya kuteremshwa.

Bildi hiyo ni kibao kidogo kiitwacho altimita. Hakipimi urefu, na hili ndilo jambo la kwanza ambalo mpwa wangu alinisisitizia. Hupima mgandamizo wa hewa. Karibu na usawa wa bahari, kila unapopanda mita 8 hivi, mgandamizo hupungua kwa hektopaskali moja. Kabla ya kurushwa, chombo husoma mgandamizo wa pale chini na kuuita sifuri. Kisha husoma tena na tena, mara 20 kwa kila sekunde, na kuubadilisha kila upungufu kuwa mita kwa hesabu iliyowekwa ndani yake. Hesabu hiyo hudhania kwamba hewa ina joto la kawaida lililokubaliwa na wataalamu, nyuzi 15 katika usawa wa bahari. Siku waliyorusha akina mpwa wangu palikuwa na ubaridi wa kiasi hicho. Lau chombo hicho kingerushwa hapa Mombasa mchana wa nyuzi 30, kingepunja karibu mita 5 katika kila 100, kwa kuwa hewa ya joto ni nyepesi na mgandamizo wake hupungua polepole zaidi. Kwa hiyo hata namba iliyo safi imejengwa juu ya dhana, na mwenye kuisoma yampasa aijue dhana hiyo.

Baada ya roketi kutua, altimita hulia milio ya kuhesabu namba moja tu: urefu mkubwa kuliko wote uliosomwa. Siku ile ililia 250. Shabaha ya mashindano ilikuwa mita 250 kamili. Wenzake watano walirukaruka kwa furaha, na mwalimu wao akawapongeza.

Usiku mpwa wangu aliunganisha chombo na kompyuta ili aone usomaji wote. Grafu yake ilikuwa kilima kizuri kilicho laini, na juu ya kilele chake pamechomoza mwiba. Nukta 8 zilizotangulia zilisimama baina ya mita 240 na 241. Nukta 8 zilizofuata, vivyo hivyo. Katikati yake nukta moja peke yake ilisema 250.

Alifanya hesabu ambayo mwanafunzi yeyote wa darasa la nane anaiweza. Baina ya nukta na nukta kuna sehemu ya 20 ya sekunde. Kuruka mita 9 katika muda huo ni kwenda mita 180 kwa sekunde, yaani kilomita 648 kwa saa. Roketi iliyo kileleni imekaribia kusimama kabisa, na hata injini ilipokuwa ikiwaka kwa nguvu zote haikufikia nusu ya kasi hiyo. Kisha ingelazimika kurudi chini mita 9 zile zile katika muda ule ule. Namba ile ilijikanusha yenyewe.

Niliposomewa hayo nilicheka peke yangu, kwa sababu nilijiona nimerudi kwenye mkeka wa chuo. Wanafunzi wa hadithi husomeshwa kwamba habari hupimwa kwa njia mbili: sanadi, yaani nani kaipokea kwa nani, na matini, yaani inasema nini. Mpokezi anaweza kuwa mwaminifu, mwenye hifadhi nzuri, na bado siku moja akaleta neno linalopingana na walilolileta waaminifu wenzake walio wengi. Riwaya kama hiyo huitwa shaadh. Mpokezi haitwi mwongo kwa ajili yake, wala riwaya zake nyingine hazitupwi, lakini ile moja haijengewi hukumu. Mwiba wa mita 250 ulikuwa shaadh. Chombo ni kile kile kilichosema kweli mamia ya mara katika safari ile ile, na mara moja kikateleza.

Lakini mwanachuoni hatosheki kusema "hii ni shaadh" akaenda zake. Hutafuta illa, sababu iliyojificha. Mpwa wangu na wenzake waliitafuta. Mwiba ulitokea wakati ule ule kichwa cha roketi kilipochomoka. Kwa hiyo walikuwa na dhana mbili. Ya kwanza, kichwa kilipofyatuka kilivuta hewa ya ndani, mgandamizo ukashuka ghafla, na chombo kikadhani kimepanda. Ya pili, kihisi cha mgandamizo huathiriwa na mwanga mkali, na kichwa kilipotoka jua lilikipiga moja kwa moja. Wakaiweka altimita mezani, ikiwa imetulia, wakaifunika na kuifunua juani kwa ghafla. Usomaji ukaruka mita kadhaa ilhali chombo hakikuondoka mahali pake. Wakakifunika kihisi kwa kipande cha sponji nyeusi inayopitisha hewa na kuzuia mwanga, wakarusha tena, na mwiba haukuonekana.

Nikawauliza kama walikuwa na mashahidi wengine. Walikuwa nao wawili. Shahidi wa kwanza alikuwa kibao cha pili ndani ya roketi, chenye akselerometa, yaani kihisi kinachopima jinsi kasi inavyobadilika. Ukijumlisha mabadiliko yote unapata kasi, na ukijumlisha kasi zote unapata urefu. Kibao hiki kilitoa mita 238. Udhaifu wake ni kwamba kosa dogo hukua kila linapojumlishwa: kikikosea kwa sehemu moja ya kumi tu ya mita kwa sekunde mraba, baada ya sekunde 7 urefu umepotoka kwa karibu mita 2 na nusu. Hata hivyo 238 ina ujirani na 241 kuliko na 250.

Shahidi wa pili alikuwa binti mmoja wa timu aliyesimama mita 150 kutoka kwenye roketi, akiwa na protrakta iliyofungwa uzi na kipande cha chuma, mfano wa timazi ya mwashi. Alisoma pembe ya nyuzi 58, na hesabu ya pembetatu ikatoa mita 240. Elimu hii ina nasaba kongwe. Katika karne ya 11, Abu Rayhan al-Biruni alipima urefu wa mlima karibu na ngome ya Nandana, katika ardhi ambayo leo ni Pakistan, kwa kuchukua pembe mbili kutoka sehemu mbili, kisha akautumia urefu huo kukadiria ukubwa wa dunia nzima. Hata hivyo nilimwuliza mpwa wangu: mkono wa binti ukitikisika kwa digrii moja, inakuwaje? Akahesabu. Nyuzi 59 zingetoa karibu mita 250! Basi ushahidi wake haukataliwi, lakini hauwezi kukata shauri baina ya 241 na 250, kwa kuwa kosa la mkono wake ni kubwa sawa na ugomvi wenyewe. Kujua ukomo wa shahidi ni sehemu ya uadilifu, hata anapokuwa upande wako.

Jambo jingine lilinivutia katika daftari lao. Wiki moja kabla, roketi ile ile, yenye uzito ule ule, ilifika mita 219 tu. Vijana wawili walitaka safari hiyo ifutwe kwa kuwa iliharibu wastani. Lakini grafu yake haikuwa na mwiba wowote. Siku ile upepo ulikuwa mkali, na roketi yenye mapezi hugeuza uso kuelekea upepo, ikaenda upande badala ya kwenda juu. Ilikuwa namba ngeni, na ilikuwa kweli. Ile 250 ilikuwa namba tamu, na ilikuwa batili. Anayefuta namba kwa sababu haimpendezi na anayeiacha kwa sababu inampendeza wanatenda kosa moja. Kinachotoa ruhusa ya kuiweka namba kando ni illa iliyothibitishwa, na hata hapo haifutwi: huachwa mahali pake, ikaandikwa pembeni kwa nini haikutegemewa.

Sasa nilikuwa nimekifahamu kitu, nikaweza kujibu. Nilimwandikia mambo matatu.

La kwanza, chombo kusema 250 ni habari ya kweli kuhusu chombo. Lau fomu ingeuliza "altimita yenu imesoma ngapi?", wangeandika 250 wala wasingekuwa wamedanganya. Lakini fomu iliuliza roketi imefika urefu gani, na chini yake palikuwa na kiapo kifupi kwamba yaliyoandikwa ni kweli kwa ujuzi wa wenye kutia saini. Ujuzi wao ulibadilika usiku ule grafu ilipofunguliwa. Mtu hawezi kukijua kitu kisha akatia saini kana kwamba hakijui.

La pili, nilimwuliza swali: "Lau mwiba ule ungewapunguzia alama badala ya kuwaongezea, mngefanyaje?" Alinijibu baada ya saa nzima: "Tungelalamika siku ile ile, mjomba." Nikamwambia basi jawabu analo.

La tatu, wasiwe makadhi katika kesi yao wenyewe. Waandike namba zote mbili, waambatanishe grafu nzima bila kuigusa, waeleze jaribio la sponji, na kuamua wawaachie waamuzi.

Natamani ningeweza kuwaambia kwamba ukweli ule ulilipwa papo hapo. Waamuzi walisoma maelezo, wakashukuru, wakaandika 241. Kwa pengo la mita 9 timu haikupata nafasi ya kuendelea. Dada yangu alinipigia simu: "Kaka, mtoto hajala tangu jana." Mmoja wa wenzake, aliyetarajia kwamba mashindano yangemsaidia kupata nafasi ya chuo, hakumsemesha kwa majuma mengi. Alikuwa na hoja yake: kanuni ilisema namba inayolia ndiyo huandikwa, na timu nyingine yamkini ziliandika zilicholiliwa bila kufungua grafu. Mimi siidharau hoja hiyo. Kijana yule hakuwa mwizi. Alikuwa mtu aliyeshika herufi za kanuni, na wako watu wazima wengi wenye biashara na ofisi wanaoishi hapo hapo.

Lakini tazama upande wa roketi yenyewe. Daftari lao lilionyesha kwamba kila walipopunguza gramu 10 za uzito, roketi iliongezeka karibu mita 5. Aliyeiamini 250 angeacha uzito kama ulivyo, na kila safari ya baadaye ingempunja mita 9 asijue kwa nini. Aliyeijua 241 alijua la kufanya. Mashindano yalipokwisha walipunguza gramu 18, wakarusha siku isiyo na upepo kwa ajili ya kujua tu. Altimita iliyofunikwa sponji ililia 249, na grafu ilikuwa laini kutoka mwanzo hadi mwisho. Roketi haisomi fomu. Hufuata uzito, nguvu na upepo, na anayejidanganya kwa namba atakuwa amejidanganya peke yake.

Sisi watu wa pwani si wageni wa mambo haya. Wazee wa Malindi wanakumbuka majukwaa ya Waitaliano yaliyosimama baharini katika Ghuba ya Ungwana, ambako baina ya 1967 na 1988 satelaiti zilirushwa kwenda angani. Mojawapo, iliyorushwa tarehe 12 Desemba 1970, ilipewa jina la Uhuru kwa heshima ya siku hiyo ya taifa letu, na ndiyo satelaiti ya kwanza iliyotengwa kwa ajili ya kuchunguza miale ya eksirei kutoka kwenye nyota. Thamani ya Uhuru ilikuwa katika namba ilizorudisha duniani. Jina zuri na moshi mwingi visingewafaa wanachuoni kitu lau namba zile zisingeaminika.

Na kwa mtoto wa Likoni, Lamu au Kisauni hakuna haja ya injini ya Marekani. Baruti isiguswe: inajeruhi, na sheria ya vilipuzi inaisimamia. Chupa ya soda ya plastiki iliyotiwa maji theluthi moja na kujazwa upepo kwa pampu ya baiskeli huruka vizuri uwanjani, maadamu yupo mtu mzima, na watoto wamesimama mbali, wala hakuna anayeinama juu ya chupa. Wawekeni watoto wawili pande mbili, kila mmoja na protrakta yenye uzi. Kila mmoja aandike pembe yake kabla hajaisikia ya mwenzake, kama tunavyowahoji mashahidi kila mmoja peke yake. Andikeni kiasi cha maji, idadi ya pampu, na hali ya upepo. Safari mbaya iandikwe pamoja na nzuri, kwa kalamu ya wino, bila kufutwa. Baada ya safari 10 mtaona wenyewe kwamba maji yakizidi mno chupa hupanda kidogo, na yakipungua mno vilevile, na mtoto atakuwa amekigundua kiasi cha kati kwa mkono wake.

Kisha mzazi, mtoto akikujia mbio na kusema chupa yake imeshinda minazi, mpe hongera yake, ukae naye na daftari, umwulize: "Umejuaje?" Umzoeshe kulijibu swali hilo bila kuona haya na bila kukasirika. Siku moja ataulizwa hivyo kuhusu mizani ya dukani, hesabu ya msikiti au mali ya yatima, na hapo hapatakuwa na altimita ya kumsemea.

Wabillahi tawfiq.